Mshauri wa Ndoa: Kwa Simu au Ana kwa Ana?



Katika Injili, Bwana wetu aliponya kwa njia mbili. Mtumishi wa akida wa Kapernaumu alipona bila Yesu kufika nyumbani kwake, neno lilitosha. Lakini mama mkwe wa Petro alishikwa mkono, na mwenye ukoma aliguswa. Hakuna aliyepona nusu kwa sababu ya njia iliyotumika. Tulikumbuke hilo tunapotafakari swali la familia nyingi za leo: ndoa ikitikisika, tuzungumze na mshauri nasaha kwa simu, au twende tukaketi mbele yake?

Fikirini mume na mke wanaoishi Tassia, orofa ya nne, na watoto watatu katika chumba na sebule. Mume anafanya kazi ya zamu viwandani, mke ana kibanda cha mboga. Kwa miezi minne wamezungumza karo na kodi tu. Mke anampata mshauri wa mtandaoni. Hakuna nauli, hakuna kuomba ruhusa kazini, wala mwanajumuiya atakayewaona wakiingia ofisini. Je, si baraka?

Ni baraka, lakini tazameni pia upande wa pili. Mazungumzo yanafanyika juu ya kitanda kilekile ugomvi ulipoanzia. Mtoto yu macho nyuma ya pazia. Ukuta ni mwembamba. Jirani anasikia hata kijiko kikianguka. Basi mke ananong'ona nusu ya yaliyo moyoni. Na mume, deni alilolificha likitajwa, simu inakatika. Nani atajua kama ni mtandao au ni kidole chake?

Anayeketi na mshauri ana kwa ana hana kitufe cha kubonyeza. Mshauri huona yasiyoonekana kwenye simu: mikono inayokunjwa, kiti kinachosogezwa mbali, chozi linalofutwa upesi. Hata safari ina faida yake. Wawili waliotoka kimya hadi steji mara nyingi hurudi wakizungumza, kwa kuwa ndani ya matatu hakuna sufuria wala mtoto wa kuwakimbilia.

Hata hivyo, tusiidharau simu. Wako wake wanaofanya kazi Saudia au Qatar, na waume zao wamebaki Nairobi na watoto. Kwao ndiyo njia pekee ya kuketi pamoja. Yuko pia mama aliyejifungua juzi, na mgonjwa asiyeweza kushuka ngazi. Mwaka 2020, korona ilipofunga milango ya makanisa yetu, tulijifunza kwamba sauti kutoka mbali yaweza kufariji kwelikweli. Mkichagua simu, tafuteni saa ambayo watoto wako shuleni, au ombeni chumba tulivu kwa ndugu mnayemwamini.

Kwa njia yoyote, msikabidhi ndoa yenu kwa kila anayejiita mshauri. Sheria ya Kenya ya mwaka 2014 inawataka washauri na wanasaikolojia wawe wamesajiliwa. Ulizeni bila aibu: umesajiliwa? Je, unarekodi mazungumzo yetu, na nani atayasikia? Mwenye nia njema hatachukizwa.

Tena tusichanganye mambo. Kitubio hakifanyiki kwa simu, kwa maana ni Sakramenti. Ushauri nasaha unaweza. Padre huondolea dhambi kwa jina la Kristo; mshauri huwasaidia kuona mlipojikwaa. Mmoja hachukui nafasi ya mwingine.

Na penye kipigo, usalama uje kwanza. Mke anayeogopa mumewe hawezi kusema kweli akiwa ameketi kando yake, iwe mbele ya simu au mbele ya meza. Huyo atafute msaada peke yake. Namba 1195 hupigwa bila malipo. Kuvumilia kipigo si kiapo mlichoapa altareni.

Papa Fransisko, katika wosia wake wa kitume wa mwaka 2016 juu ya upendo katika familia, alisisitiza kwamba wanandoa walio katika shida wanahitaji wa kutembea nao. Basi msiulize kwanza ipi ni rahisi. Ulizeni: ni wapi sisi wawili tutaweza kusema kweli, bila kusikilizwa na wasiohusika na bila mlango wa kutorokea? Palipo na nafasi hiyo, nendeni. Kama nauli inatosha safari moja tu, fanyeni ya kwanza ana kwa ana, na nyingine ziendelee kwa simu.

Yule mgonjwa wa miaka 38 kando ya birika aliulizwa na Yesu kama anataka kupona. Usiku wa leo, watoto wakishalala, zimeni televisheni mkaulizane swali hilohilo. Jibu likiwa ndiyo kwa wote wawili, njia itapatikana.

Familia Takatifu ya Nazareti iwaombee. Amina.