Kumhuzunikia Mnyama Aliyekufa: Je, Ni Upungufu wa Imani?

Leo twataka kulizungumza jambo ambalo huenda baadhi ya wasomaji wetu wakalicheka kabla ya kulisoma. Nalo ni hili: mtu aliyefuga mnyama miaka mingi, akamuuguza mpaka akamfia, kisha akamlilia, je, amekosa? Na machozi yake hayo, je, ni dalili ya udhaifu wa imani?

Swala hili limetujia katika darsa yetu kutoka kwa mama mmoja mtu mzima, mjane, ambaye wanawe wamekwisha kuoa na kuolewa na kutawanyika. Alikuwa na paka aliyekaa naye miaka 16. Mwisho wake paka yule alianza kunywa maji kupita kiasi, akakonda mpaka mbavu zikaonekana, kisha akakataa hata samaki. Daktari wa wanyama alimwambia kuwa ni maradhi ya mafigo, ambayo ni mengi kwa paka waliozeeka, na kwamba mafigo yakisha kuharibika hivyo hayarudi. Mama akawa akimlisha mchuzi kwa kijiko usiku na mchana, mpaka siku yake ikafika. Alipokufa, mama alilia. Jirani wa kwanza akamcheka. Wa pili akamwambia kuwa kumlilia paka ni kukufuru neema. Wa tatu akamliwaza, akasema paka amekuwa kafara, amekwenda na balaa lililokuwa limfike yeye. Maneno yote matatu hayakusibu, na tutayaeleza moja baada ya moja.

Ama yule aliyecheka, wazee wetu walikwisha kumjibu waliposema kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini tunalo jibu kubwa zaidi ya hilo. Anas bin Malik (R.A.) alikuwa na ndugu yake mdogo kwa mama, akiitwa Abu Umayr, naye alikuwa na kijindege akicheza nacho. Siku moja Mtume (S.A.W.) aliingia nyumbani kwao akamwona mtoto ana huzuni. Akauliza ana nini, akaambiwa kijindege chake kimekufa. Mtume hakucheka wala hakupita. Alimwita kwa jina lake la heshima, kama aitwavyo mtu mzima, akamuuliza khabari za kijindege chake kwa maneno mepesi ya kumliwaza. Asili ya kisa hiki imo katika Bukhari na Muslim, na khabari ya huzuni ya mtoto imo katika Abu Daud.

Walitokea watu zamani waliowakejeli wanazuoni wa hadithi kwa kupokea khabari kama hii, wakidai kuwa haina faida. Basi faqihi wa madhehebu yetu ya Shafii, Abul Abbas Ibn al-Qass, aliyekufa mwaka wa 335 Hijria, akaandika risala nzima juu ya hadithi hii moja, akatoa ndani yake faida 60. Tazameni, ndugu zangu: kicheko kile ni cha zamani, na jibu lake ni la zamani vile vile. Aliyekuwa na umma mzima wa kuushughulikia alipata nafasi ya kukaa na mtoto aliyefiwa na ndege. Sisi tuna kazi gani iliyo kubwa kuliko yake, hata tukose nafasi ya kumwambia mjane, "Pole, mama"?

Ama aliyesema kuwa ni kukufuru neema, huyo amechanganya mambo mawili. Sharia imekataza kuomboleza kwa makelele, kujipiga mashavu, kuchana nguo, na kunena neno la kuipinga kadari. Haikukataza jicho kutoka machozi. Mtume mwenyewe alipofiwa na mwanawe Ibrahim alilia, na alipoulizwa akafahamisha kuwa hiyo ni rehema. Ikiwa machozi hayapingani na kuridhika juu ya mwana, vipi yatapingana nako juu ya mnyama?

Pengine atasema mtu: duniani mna mayatima na wenye njaa, vipi tuwalilie paka? Twamjibu: je, umemwona mama huyu akimnyima yatima kwa ajili ya paka wake? Aghalabu mkono uliozoea kumlisha dhaifu mmoja ndio ule ule unaomlisha wa pili. Na aliye mgumu kwa mnyama wake si ajabu akawa mgumu kwa mtumishi wake na kwa mkewe.

Kisha tukumbuke kuwa kumuuguza mnyama si upuuzi, bali ni wajibu. Imamu Izzuddin bin Abdissalam, aliyekufa mwaka wa 660 Hijria, naye ni katika wakubwa wa madhehebu yetu, alizihesabu haki za wanyama juu ya wanaadamu katika kitabu chake cha Qawaid. Ya mwanzo ni kumpa matumizi yake, hata akiwa amezeeka au ameugua ugonjwa ambao hatapatikana na manufaa tena. Paka wa mama yule alikuwa hakamati panya. Alikuwa hana analoliweza ila kula kidogo na kulala. Kumlisha wakati huo ndio utekelezaji wa amana hasa, kwani kumlisha mnyama anayekufaa hata mchoyo hufanya. Na moyo uliotekeleza amana miaka 16 hauwezi kuacha kuumia siku amana hiyo inapoondolewa.

Ama yule wa tatu, nia yake ilikuwa njema, lakini alilolisema halina msingi. Hakuna dalili katika dini yetu kuwa mnyama wa nyumbani hufa badala ya mwenye nyumba. Kila nafsi ina ajali yake. Na hapa twapenda kuwatanabahisha wasomaji juu ya mengine yasemwayo kwa kuwaliwaza wapenda paka. Kisa cha paka aitwaye Muezza, ambaye yadaiwa Mtume alikata mkono wa kanzu yake ili asimwamshe, hakina sanadi katika vitabu vya hadithi vinavyojulikana. Na lile neno kuwa kumpenda paka ni katika imani, wanazuoni wa hadithi wamelihesabu kuwa ni la kuzuliwa. Hatuna haja ya uwongo ilhali ukweli unatosha. Abu Qatada alimwinamishia paka chombo cha maji yake ya udhu mpaka akanywa, na mkwewe Kabsha alipostaajabu, akampokelea kutoka kwa Mtume kuwa paka si najisi, ni katika wenye kutuzungukia majumbani mwetu. Abu Hurayra alipata jina lake kwa kijipaka alichokuwa akicheza nacho akichunga. Mwanamke mmoja aliadhibiwa kwa kumfungia paka mpaka akafa kwa njaa, na mtu mwingine alisamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu.

Mama yule alipokwisha kutaja ya majirani alinyamaza, kisha akauliza aliyokuja kuyauliza hasa. Alisema: "Sheikh, usiku ule wa mwisho nilimwomba Mungu amchukue. Je, si mimi niliyemuua?" Twasema: la, mama. Lililokatazwa ni mtu kujitakia mauti mwenyewe kwa dhiki iliyompata. Wewe uliomba kiumbe kinachoteseka kipumzishwe na Mola wake aliyekiumba. Na hata kama ndani ya dua ile mlikuwa na kuchoka kwako wewe, kuchoka kwa mwenye kuuguza si khiyana. Mwenye khiyana ni aliyemtupa mnyama wake jalalani alipozeeka, naye hachoki kwa sababu hakuubeba mzigo.

Akauliza tena: lau angalimpeleka kwa daktari mapema? Na lau angalikubali apigwe sindano ya kumfisha, kama alivyoshauriwa? Juu ya la kwanza, tumefundishwa kuwa neno "lau" hufungua mlango wa shetani. Afanye mtu awezalo, na likisha kupita aseme kuwa Mungu amekadiria. Juu ya la pili, vitabu vya madhehebu yetu, kama Tuhfa ya Ibn Hajar al-Haytami, vyakataza kumchinja mnyama asiyeliwa hata kwa kumpumzisha. Wako wanazuoni wa zama hizi walioruhusu, pindi maumivu yakiwa makali na daktari mwaminifu amekata tamaa. Aliyewauliza wenye ilimu akafuata kauli mojawapo kwa rehema, asilaumiwe wala asijilaumu.

Mwisho aliuliza kama atamwona tena. Hapa ilimu yetu ni kidogo, na yatupasa adabu. Tumefundishwa kuwa wanyama nao ni umma kama sisi, kuwa watakusanywa, na kuwa hata kondoo asiye na pembe atalipiwa haki yake kwa mwenye pembe. Wengi katika wafasiri wamesema kuwa baada ya hapo watakuwa mchanga. Na kwa watu wa Peponi kuna kila ambacho nafsi zao zitakitamani. Zaidi ya haya hatumwahidi mtu.

Sasa twataja machache ya kutenda. Mnyama akifa azikwe katika shimo la kina, asitupwe njiani wala pwani. Haoshwi, hasaliwi, wala hasomewi khitma. Paka aliye hai ni tahiri lakini mzoga ni najisi, basi na ioshwe sehemu iliyoguswa na umajimaji wake. Anayeugua apelekwe kwa daktari wa wanyama, wala asipewe dawa za watu, kwani vidonge vya Panadol, tunavyovimeza sisi kwa kichwa, ni sumu ya kumuua paka. Mtoto akifiwa na mnyama asiambiwe "Ni paka tu, tutakuletea mwingine". Na akae nawe, akutajie khabari zake. Na mwenye huzuni ajichunge isimzuie sala, chakula, wala haki za watu. Ikifika hapo imevuka mpaka, na jamaa zake wasimwache peke yake.

Mama yule twamwambia: machozi yako ni rehema, na kijiko chako cha mchuzi, inshallah, ni sadaka. Na jirani zake twawaambia: mlango wake u karibu nanyi, na nyumba yake sasa ni kimya. Nendeni mkamwamkie.