Kuhoji na Kupanda



Mwaka 2010 masomo ya chuo kikuu yalifika Dzaleka kwa njia ya intaneti, yakiletwa na Wajesuiti pamoja na Chuo Kikuu cha Regis cha Denver, Marekani. Wanafunzi wa kwanza walipata diploma mwaka 2013. Tangu hapo wazazi wanatuuliza maswali mawili. Kijana akizoezwa kuhoji kila jambo, imani yake itabaki? Na kwa nini msomi wetu ajisumbue na udongo na miti ya nchi isiyo yetu, nasi tunangoja kuondoka?

Tusome Yeremia 28 na 29. Watu wa Yuda walikuwa wamekwisha kuchukuliwa Babeli. Hanania akatangaza kwamba katika miaka miwili watarudi. Habari tamu! Yeremia hakumtukana. Aliitikia amina, akitamani iwe hivyo, kisha akaweka kipimo: nabii wa amani hujulikana neno lake likitimia. Baadaye akawaandikia wahamishwa wajenge nyumba, wapande bustani, wautakie mji ule amani, maana miaka ni sabini.

Angalieni, ndugu, jinsi mambo haya mawili yanavyoshikana. Aliyemwamini Hanania hakuwa na sababu ya kupanda hata mti mmoja. Asiyepima maneno hapandi. Basi kuhoji si adui wa imani. Ni adui wa Hanania.

Kwetu je? Dzaleka, iliyokuwa gereza, ikawa kambi mwaka 1994, kwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo tumepita 50,000. Mtoto aliyefika mgongoni mwa mama yake mwaka ule, leo ana watoto wake. Miembe ingekwisha kuzaa mara nyingi! Lakini kila mwaka tunaambiana, "Mwaka huu tunaondoka." Wengine wameuza cherehani wamlipe mtu anayedai ana orodha ya Kanada, wakati huduma za UNHCR hazilipiwi. Kijana aliyesoma angeuliza maswali matatu tu: Nani amesema? Ushahidi uko wapi? Nani anafaidika?

Hata hivyo tusiwe wepesi wa kulaumu. Nchini Malawi zaidi ya nyumba tisa katika kumi hupika kwa kuni au makaa, nasi ni hivyo hivyo. Mama mwenye maharagwe mabichi na watoto wenye njaa hawezi kuwaza miaka ishirini ijayo. Na mwaka 2023, serikali ilipoamuru walioko mijini warudi kambini, wengi waliacha Lilongwe walichokijenga. Mtu wa namna hiyo akiuliza, "Nipande kwa ajili ya nani?" hajakosa akili.

Ndiyo maana mzigo huu unamwangukia kwanza aliyepewa elimu. Yeye amepata nafasi ya kuwaza mbali kuliko chakula cha leo. Diploma yake ikimsaidia kujaza fomu za safari tu, ameichukua nusu. Aoneshe jiko linalokula kuni chache, na mpapai karibu na maji ya kuogea. Tukiondoka, jirani yetu Mmalawi atakula matunda yake. Naye pia ni wa Mungu. Tukibaki, watakula watoto wetu.

Wazazi, waacheni vijana waulize. Kisha wapeni jembe.