SAFARI YA ANGANI NA SALA YA MSAFIRI

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewatiishia waja wake vipando vya bara na bahari; na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Enyi ndugu zetu Waislamu! Wazee wetu walikwenda Maskati kwa majahazi, wakingoja kusi kwa kwenda na kaskazi kwa kurudi, nao wakikaa baharini majuma matatu, manne na zaidi. Leo mtu huruka kutoka Unguja, akavuka kama kilomita 3,900, akateremka Maskati kwa muda wa saa tano na ushei. Wako wanenao: "Huyu hakuchoka wala hakuunguzwa na jua, itakuwaje apunguze sala?" Na wako wapandao gari hapa mjini kwenda Nungwi au Makunduchi, wakachoshwa na njia, wakapunguza. Makundi yote mawili yamekosea, na kosa la pili ni zito zaidi. Kwani mwenye kusali rakaa mbili mahali pa nne pasipo ruhusa, sala yake haikusihi, na deni lingali shingoni mwake.

Jueni ya kuwa katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi kipimo ni masafa, si saa wala uchovu. Masafa hayo ni marhala mbili, yaani maili 48 za Kihashimia, ambazo kwa hisabu ya leo hazipungui kilomita 80. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), amebainisha katika Minhaj ya kuwa bahari ni kama bara, na mwenye kuyakata masafa hayo kwa saa moja hupunguza. Basi ndege nayo ni chombo. Ama Nungwi na Makunduchi hazifiki masafa hayo. Na Dar es Salaam, iliyo kama kilomita 75 kutoka kwetu, nayo haikufika, wala marejeo hayajumlishwi na mwendo. Mwendaji huko na atimize.

Sayyidna Umar alimuuliza Mtume (s.a.w.) habari ya kupunguza hali ya kuwa khofu imeondoka, akajibiwa ya kuwa hiyo ni sadaka ya Mwenyezi Mungu, basi ipokeeni. Na sadaka ya Mola haipimwi kwa jasho la mpokeaji.

Lakini ruhusa ina mipaka yake. Hupunguzwa Adhuhuri, Alasiri na Isha tu. Magharibi na Alfajiri hubaki kama zilivyo. Msafiri haanzi kupunguza mpaka ayaache majumba ya mji wake. Na aliye katika uwanja wa ndege wa Kisauni, maadamu nyumba za mji hazijakatika, husali kamili. Hali kadhalika mwenye kumfuata imamu atimizaye. Na akinuia kukaa Maskati siku nne kamili, isipokuwa siku ya kuingia na ya kutoka, amekuwa mkaazi tangu kufika. Wala asisahau kibla: Unguja twaelekea kaskazini, na Maskati huelekewa magharibi.

Basi, ndugu zangu, ulizeni masafa kabla ya kukata tikti, kama muulizavyo nauli. Mwenyezi Mungu atutakabalie sala zetu, safarini na majumbani. Amin. Wallahu aalam.