Ukuta wa Kilimani na Haki ya Jirani

 

Ndugu zetu Waislamu, wengi katika sisi watu wa mijini siku hizi twanunua viwanja mashamba, katika miinuko ya Rabai na Kaloleni na Kwale, kwa kuwa ardhi ya mjini imekuwa haba na ghali. Hilo si baya. Lakini sisi tumezoea kujenga penye ardhi iliyo sawa. Tukifika kwenye mteremko twajenga vile vile, kisha masika hutufundisha tuliyokataa kufundishwa na fundi.

Jamaa mmoja katika darsa yetu alikata kilima, akajaza udongo upande wa chini apate uwanja ulio sawa, akauzuia kwa ukuta uliopita kimo cha mtu. Fundi alimshauri aache matundu ya kutokea maji, na nyuma ya ukuta atie kokoto. Akaona gharama ni nyingi. Lakini siku ya msingi hakuona gharama kumleta mganga. Akachinjwa mbuzi, na damu ikanyunyizwa pembe nne ili "wenye kilima" wasichukie. Mwezi wa Mei mvua ikanyesha siku tatu mfululizo. Usiku wa tatu ukuta ukaporomoka juu ya jiko la bibi mjane akaaye chini yake. Mwenyezi Mungu alimsalimisha, kwani alikuwa amelala chumbani. Asubuhi mwenzetu alipoitwa alijibu: "Ni kadari ya Mungu, nifanyeje?"

Jawabu hili ndilo lililotushikisha kalamu. Kuamini kadari ni nguzo katika nguzo za imani. Lakini kadari si kichaka cha kujifichia mzembe. Mtu alipomuuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia wake bila ya kumfunga na amtegemee Mungu, aliamrishwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Ukuta usio na matundu ni ngamia asiyefungwa.

Udongo mkavu husukuma ukuta kwa kiasi. Ukishiba maji yasiyo na pa kutokea, msukumo huo waweza kuwa maradufu. Ndiyo maana mafundi huchimba mtaro upande wa juu wa kuyaepusha maji, hutia kokoto nyuma ya ukuta, na huacha matundu chini yake. Msingi huchimbwa mpaka udongo wa asili, si juu ya kifusi. Ukuta wa mawe matupu hupewa upana wa chini kama nusu ya kimo chake au zaidi, na hulazwa kidogo kuelekea kilimani. Ukipita kimo cha mtu, mwenye busara humtaka shauri mhandisi. Na nyumba yenyewe huwekwa juu ya ardhi iliyokatwa, si iliyojazwa.

Hizi ni kanuni alizoziweka Mola katika viumbe vyake, wala hazigeuki kwa damu ya mbuzi. Mbuzi yule ana madhara mawili: kumchinjia asiyekuwa Mungu ni shirki, na moyo hutulia kwa sababu yake, mtu akaacha lililo wajibu.

Tena kuna haki ya jirani. Maulamaa wa madhehebu yetu ya Shafi wamesema kwamba mwenye kujenga ukuta ulioinamia njia au milki ya mwenziwe hudhamini utakachokiharibu ukianguka. Basi aliyeonywa na fundi wake, akakataa, atasema nini mbele ya Mola wake? Na hata matundu yakiwapo, maji yake yaongozwe kwenye mkondo, yasimwagwe uani kwa mtu.

Katika Sura ya Tawba Mwenyezi Mungu amempigia mfano aliyejenga juu ya ukingo unaomomonyoka, akaporomoka nao Motoni. Mfano huo ni wa nia mbovu na dini mbovu. Lakini hatuwi mbali nao tukijua hatari tukamwachia jirani aibebe.

Mwenzetu aliposomewa haya hakubisha. Ametubia, amemtaka radhi yule bibi, na amemjengea jiko kwa mali yake. Nawe, ndugu msomaji, uliye na ukuta kilimani, nenda kautazame kabla ya mvua: matundu yako wazi? Na chini yake analala nani?