Deni la Kuona

Sumukuvu ya B1 imepewa herufi hiyo kwa sababu ya rangi: ukiimulika kwa taa ya urujuanimno inang'aa buluu. (G inang'aa kijani, lakini kijani cha Waingereza.) Ila ikiwa ndani ya maji, B1 hufifia kiasi kwamba kifaa kinapata shida kuiona. Ndugu yake, B2, hung'aa vizuri tu. Tofauti yao ni bondi maradufu moja iliyo pembeni mwa molekuli. Bondi hiyohiyo ndiyo ini letu hulishughulikia na kulifanya litoe kitu kinachong'ang'ania vinasaba, na huko saratani huanzia. Yaani kinachoifanya B1 iue zaidi ndicho kinachoificha. Sisomi hila yoyote hapo. Kemia haina nia. Lakini ni vigumu kuisahau.

Zipo njia za kuiwasha. Unaweza kuipa iodini au bromini, ikaivamia bondi ile na kuiondoa. Au ukatia saiklodekstrini: sukari saba zilizoshikana zikawa pete. Sumu hujipenyeza katikati ya pete, maji yakakosa nafasi ya kuizima, na mng'ao ukapanda. Hii ya pili naipenda zaidi kwa kuwa haiibadilishi molekuli, inaisitiri tu. Nikiulizwa kama huku si kutia chumvi, hujibu kwamba kiasi cha sumu hakiongezeki hata chembe. Mmumunyo usio na sumukuvu hauna cha kuwashwa.

Linalonisumbua ni jingine. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumu hii na 125 wakafa. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara waliugua 68, wakafa 20. Walikula ugali. Wengi walikuwa wamelima mahindi hayo wenyewe. Nani alaumiwe? Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza, na giza la mkulima ni giza kweli. Lakini mfanyabiashara anayepima shehena ya kupeleka nje, kisha ile ya soko la nyumbani akaiachia hivihivi, yeye amejifumba macho. Kila tunapofanya kipimo kiwe rahisi na chenye macho makali, watu wanaoweza kusema "sikujua" wanapungua. Naona hiyo ndiyo kazi kubwa ya mng'ao tunaouongeza, ingawa haiandikwi kwenye tasnifu.

Sasa mchukue mama mwenye magunia manne, ndiyo chakula chake hadi mavuno. Kikomo cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu zote kwa kilo, na 5 kwa B1 peke yake. Kikomo hicho hakisemi atakula nini magunia yake yakizidi. Wapo wanaosema basi heri asijue, maana njaa ni ya leo na saratani ni ya baadaye. Nimesikia hoja hii mara nyingi, na daima kutoka kwa watu ambao unga wao umepimwa. Isitoshe, wale wa 2004 hawakungoja baadaye. Ini lilishindwa mara moja.

Kwa hiyo nasema aambiwe. Ila anayemwambia hawezi kufunga kisanduku cha vipimo na kupanda gari. Ukishamwonyesha mtu kwamba chakula chake ni sumu, umemwondolea chakula, hata kama hukugusa gunia. Kenya ililielewa hili: mwaka ule serikali iligawa chakula mbadala kwenye wilaya zilizoathirika.

Mimi nitapima majumbani, kaya 40. Kwenye bajeti nimeorodhesha methanoli, saiklodekstrini, glavu, na magunia ya mahindi safi kwa nyumba zitakazozidi kikomo. Msimamizi wangu aliyarudisha makaratasi akiuliza magunia yanaingia fungu gani. Nimeyaweka kwenye vitendanishi. Bado tunabishana.