Maneno ya Mgonjwa wa Ini

Yako maneno yasemwayo kitandani yavunjayo nyumba kuliko mauti yenyewe. Huku Kyela twayajua. Mtu mzima aanza kukonda, macho yawa ya manjano, miguu yavimba, tumbo lajaa maji. Kisha usiku hukesha na mchana husinzia, mikono yatikisika, na siku moja asema, "Fulani ndiye aniuaye." Fulani huyo mara nyingi ni shangazi, au jirani mzee.

Watu hunena ya kwamba aliye karibu kufa hana sababu ya kusema uongo. Ni kweli, wala mimi simwiti mwongo. Lakini ini ndilo lisafishalo damu. Likiliwa na saratani, nalo pengine limekwisha kuumizwa zamani na virusi vya homa ya ini, au pombe, au sumu ya ukungu wa mahindi na karanga, mishipa ya umio huvimba ikapasuka, mtu akatapika damu. Na sumu itokayo matumboni hupanda hata ubongoni. Ndipo fahamu huchafuka. Pengine daktari huzirudisha kwa dawa ya kuharisha tu. Basi, mashtaka yaondokayo kwa dawa ya kuharisha yalikuwa ya nani?

Wazee wa Kinyakyusa waliamini ya kuwa mchawi ana chatu tumboni, tena walipasua maiti ili watafute alama. Monica Wilson, aliyekaa huku tangu 1935 hata 1938, aliyaandika hayo. Kutafuta sababu si kosa. Kosa ni kumtwika mtu sababu hiyo, na Sheria ya Uchawi ya 1928, iliyo sheria hata leo, yakataza.

Liko gumu zaidi. Mgonjwa yule yule, usiku ule ule, aweza kumbariki mwanawe mdogo na kumwachia shamba la kakao. Tukiikataa laana, je, tutaipokea baraka? Wengi hupokea. Mimi naona hatuna ruhusa ya kuchagua: kinywa ni kimoja. Kwa hiyo mambo ya urithi na aulizwe mapema, akili zingali safi. Na mwalimu aitwaye usiku kuandika maneno ya mwisho, kwanza amwulize mgonjwa leo ni siku gani, aliandike na jibu hilo juu ya karatasi. Shangazi naye asizuiwe mlangoni. Aingie na uji wake.