Damu ya Mtu Haipotei Bure

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, mtu akiuawa au akijeruhiwa kwa dhulma, macho ya watu wote humwelekea mwenye kudhulumu: je, amekamatwa? Atafungwa miaka mingapi? Wachache mno huuliza: na mayatima watalishwa na nani? Aliyekatwa mkono atafanya kazi gani? Swali hili ndilo tulilolizungumza katika darasa letu, na leo twapenda kuwafikishia.

Tuwatazame wenzetu wa Migori na Homa Bay, huko kwenye pwani ya Ziwa. Mwanzoni mwa Septemba 2018 binti mmoja mja mzito, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo, alitekwa nyara katika mji wa Rongo, wilayani Migori kama tulivyozoea kusema zamani, na maiti yake ikaokotwa katika msitu wa Kodera, upande wa Homa Bay. Watu wakashtakiwa, wakakana. Nasi hatumhukumu mtu, kwani hilo ni la mahakama. Kisha Juni 2025 mwalimu kijana alikamatwa Homa Bay kwa maneno aliyodaiwa kuyaandika, akasafirishwa hadi Nairobi, na usiku ule ule akafa akiwa mikononi mwa polisi. Askari kadhaa wakashtakiwa kwa mauaji yake. Magazeti yaliandika mengi juu ya washtakiwa. Lakini wazazi waliozika hawawezi kuishi kwa habari za magazeti.

Basi dini yetu yasemaje? Katika Suratun Nisaa, aya ya 92, Mwenyezi Mungu amewajibisha dia ikabidhiwe jamaa wa aliyeuawa kwa kukosea, wala hakuishia kwa Waislamu, bali amewataja pia watu ambao baina yetu na wao pana ahadi. Asije mtu akatuambia kwamba maiti wa Migori na Homa Bay si wa dini yetu, hivyo hawatuhusu. Sisi na wao tuna ahadi moja ya nchi moja.

Na ikiwa muuaji hajulikani? Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Abdullah bin Sahl, katika Ansari, alikutwa ameuawa huko Khaibar. Jamaa zake waliwatuhumu wenyeji wa pale, lakini hawakuwa na shahidi. Walipotakiwa waape walikataa kuapia wasiloliona, wala hawakuridhika na viapo vya wale waliotuhumiwa. Je, Mtume (S.A.W.) aliwaambia warudi nyumbani wasubiri? La. Aliwalipa yeye ngamia mia, kwa kuchukia damu ile ipotee bure. Na katika riwaya nyingine ngamia hao walikuwa wa sadaka, yaani mali ya umma. Imepokewa vile vile kwamba katika zama za Sayyidna Umar mtu alikufa katika msongamano, asijulikane aliyemuua, na Sayyidna Ali akashauri dia yake itoke katika Baitul Mali. Na madhehebu yetu ya Imamu Shafi yasema kwamba Mwislamu aliyeua kwa kukosea, ikiwa hana jamaa wa kumbebea dia, Baitul Mali ndiyo huibeba.

Huenda mtu akauliza: ni haki gani mlipa kodi asiye na kosa alipe jinai ya mwingine? Twamjibu: serikali imemkataza raia kujilipizia kisasi, ikamnyang'anya upanga, na ikamtoza kodi kwa ahadi ya kumlinda. Akidhulumiwa chini ya ulinzi huo, ahadi imevunjika, na ahadi ni deni. Ikiwa aliyedhulumu ni askari wa serikali yenyewe, deni huwa zito zaidi.

Wazungu nao wameliona jambo hili, lakini juzi tu. New Zealand ilitunga sheria ya fidia kama hiyo mwaka 1963, na Uingereza ikafuata mwaka 1964. Nasi Kenya hatukosi maandishi. Katiba ya 2010, kifungu cha 50, yaliamrisha Bunge kutunga sheria ya kuwalinda waliotendewa jinai, na mwaka 2014 sheria hiyo ikatungwa. Imempa aliyedhulumiwa haki ya kufidiwa na haki ya kusikizwa na mahakama, na imeuandika mfuko wa amana wa kuwasaidia walioathirika. Hata sheria ya makosa ya kujamiiana ya 2006 imesema matibabu ya aliyenajisiwa yagharimiwe na serikali. Agosti 2025 Rais naye alitoa tangazo la kuwafidia waliodhulumiwa katika maandamano tangu mwaka 2017, na jambo hilo likafikishwa mahakamani. Lakini sheria iliyo katika kitabu haimlishi yatima. Haki isiyodaiwa hulala, na mwenye kuidai ni lazima kwanza aijue.

Hapa twaonya jambo moja. Dia si rushwa ya kufunga mdomo. Mtoto akinajisiwa, wazee wakakutana usiku, baba akapewa mbuzi na noti chache, kesho yake kesi ikafutwa: hiyo si sulhu, ni kuuza haki ya mtoto kwa faida ya wakubwa. Fidia ni ya aliyeumizwa, na haiondoi hukumu ya mwenye kosa.

Nasi wa mwambao tujitazame. Msiba ukitufika twasema ni kadari, na kweli ni kadari; lakini kuamini kadari hakukumzuia Mtume (S.A.W.) kutoa ngamia mia. Kisha twafanya nini? Twapika biriani ya hitima siku tatu, na pengine kilichoingia chunguni ni mali ya mayatima wenyewe. Ndugu zetu, isomeni aya ya 10 ya Suratun Nisaa, muone wenye kula mali ya mayatima kwa dhulma wanajaza nini matumboni mwao.

Kwa hiyo twanasihi: kila msikiti uwe na mtu anayeijua sheria hii. Aliyeumizwa asindikizwe polisi na hospitali, fomu yake ya P3 ijazwe, risiti zake zihifadhiwe, na mashahidi wasifiche walichokiona. Gharama za hitima zipelekwe kwenye ada za shule za mayatima. Na wajumbe wanaotujia kuomba kura waulizwe hadharani: mfuko ule umetiwa kiasi gani, na nani amelipwa?

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kusimama na aliyedhulumiwa, awe ni wa kwetu au wa mbali. Wabillahi taufiq.